Vikombe vya Wageni

Kabati lilikuwa limekwama mlangoni. Mama yangu alikuwa upande wa ndani pamoja na jirani yetu, mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, na mimi nilikuwa nje kwenye matope, nimeshika pembe ya kabati hilo kwa mikono miwili, nikilitukana kimoyomoyo. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kunyooka, isiyo na upepo wala radi, mvua iliyokuja kukaa. Na juu yetu, mlimani, ndiva ilikuwa imejaa mpaka maji yanalamba ukingo.

Asiyetoka Upareni huenda haijui ndiva. Ni bwawa la kienyeji, wazee walilijenga kwa mawe na udongo juu ya mashamba. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, asubuhi yanafunguliwa na kushuka kwenye mifereji, kila shamba kwa zamu yake. Tuta likichoka, pembe inapigwa na watu wanakwenda na majembe kulitengeneza. Huo ndio msaragambo, na asiyekwenda atasemwa mpaka wajukuu zake wasikie. Nyumba ya mama iko chini ya ndiva hiyo. Tumezaliwa chini yake, tumekunywa maji yake, na hatukuwahi kufikiri kwamba siku moja ingeweza kutugeuka.

Lakini niseme kwanza kabati lile liliingiaje ndani, maana hapo ndipo ulipo ujinga wetu wote.

Kaka yangu anaishi Dar es Salaam. Sisi Wapare, ikifika Desemba, walio mbali hupanda mlimani kula Krismasi nyumbani, na hakuna anayependa kupanda mikono mitupu. Jirani akileta televisheni, wewe utaleta kubwa zaidi. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mimi huwa nabisha, lakini nikimkumbuka kaka yangu na mashindano yake ya Desemba nanyamaza. Mwaka huu redio, mwaka ule masofa, mwaka mwingine masofa mapya ilhali yale ya zamani hayajachakaa. Mama hakutupa kitu. Masofa ya zamani yalisogezwa nyuma, yakapangwa moja juu ya jingine mbele ya mlango wa uani, kwa sababu hakukuwa na pengine pa kuyaweka. Toka hapo, aliyetaka kwenda uani alizunguka nje. Na kwa kuwa nyumba yenye vitu huogopa wezi, madirisha yote yakatiwa nondo.

Ndipo likaja kabati. La mninga, refu kuliko mimi, milango ya vioo mbele, na mgongo wa ubao mwembamba. Gari liliishia barabarani, vijana wakalibeba mabegani kwenye kile kinjia cha kwetu wakiimba. Walipofika mlangoni halikupita. Walilijaribu kwa ubavu, wakalijaribu kwa kulilaza, halikupita. Mtu mwenye akili angelirudisha. Sisi tuliita fundi. Fundi aling'oa fremu ya mlango, akabomoa matofali ya pembeni, kabati likaingia kwa vigelegele, halafu akarudisha matofali, akapigilia fremu, akapiga lipu na rangi. Tukala makande, tukamshukuru Mungu. Hakuna aliyeuliza litatokaje, maana nani anatoa kabati nyumbani kwa mama yake?

Ndani ya kabati vikapangwa vikombe. Vilikuwa vya udongo mweupe, vyembamba, vina maua ya buluu na visahani vyake. Mama aliviita vikombe vya wageni. Nimejaribu kukumbuka mgeni aliyewahi kuvinywea, nimeshindwa. Mchungaji alipokuja alipewa soda. Wakwe walipokuja walipewa vya bati. Vikombe vile vilikuwa vinamsubiri mgeni mwenye hadhi kubwa zaidi, na mgeni huyo alikuwa hafiki.

Baba aliugua muda mrefu. Siku moja, mimi nikiwa nimekaa miguuni pa kitanda chake pale sebuleni, alilitazama kabati, akasema leo angependa anywe chai kwenye kikombe kile cha maua. Mama alicheka. Akamwambia, "Vile ni vya wageni, baba. Wewe umekuwa mgeni lini?" Baba naye akacheka mpaka akakohoa. Akaletewa kikombe chake cha bati, kilichobanduka rangi, akanywa. Hakuomba tena. Tulipomzika, watu walijaa mpaka uani, na kabati lilikuwa limefungwa kwa ufunguo ili waombolezaji wasije wakavunja vitu.

Sikusema neno wakati ule, na wala sidhani kama kuna aliyeona ajabu. Ndivyo tulivyolelewa. Kitu kizuri hakitumiki, kinatunzwa.

Mimi mwenyewe niliacha kutunza vitu kwa hasira, si kwa busara. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimehamishwa vituo vingi, na kila uhamisho ulinivunjia kitu. Kitanda kilivunjwa mguu, kioo cha meza kikapasuka, magodoro yakalowa juu ya lori. Nilipohamia Same nilikuta upepo na vumbi. Wanaoijua Same wananielewa. Unafunga dirisha, vumbi linapita chini ya mlango. Unaziba chini ya mlango, linashuka darini. Jumamosi zangu zote zilikuwa za kufuta. Siku moja nilijikuta nimepiga magoti nikifuta miguu ya meza ndogo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuweka hata bilauri juu yake, na hasira zikanipanda. Nina hasira za karibu, za kurithi. Niliibeba meza ile palepale nikampelekea mwanamke anayeuza maandazi karibu na stendi. Aliifurahia hadi nikaona aibu kwamba nilikuwa nayo miaka yote.

Baada ya hapo niligawa kimoja kimoja. Nikabaki na kitanda, meza, viti viwili, jiko la gesi, sufuria, sahani mbili, vikombe viwili, vitabu vyangu, na nguo za kutosha sanduku moja. Sikuwa na falsafa yoyote. Lakini nilianza kuona mambo. Nilikuwa narudi kutoka shule na jioni ni yangu. Nilikuwa natembea hadi kwenye vilima vya nyuma ya mji, narudi, nasoma, nalala. Nilikuwa nafunga mlango bila kugeuka kuutazama mara ya pili. Mwizi aliwahi kuingia, akaondoka na kipande cha sabuni. Nadhani alinihurumia akaacha kile kingine.

Mama alipokuja kunitembelea alisimama mlangoni akiwa bado na mkoba wake kichwani. Alitazama chumba, akaniuliza kwa sauti ya chini nani amenifilisi. Nikamwambia hakuna, nimependa mwenyewe. Hakuniamini. Alilala usiku mmoja badala ya wiki, na aliporudi mlimani akampigia kaka simu kwamba niombewe. Tulikuwa tumeshagombana mara nyingi juu ya hilo kabla ya masika yale. Yeye aliona nyumba yangu ni ukiwa. Mimi niliona yake ni bohari.

Masika hayo Same kulikuwa kukavu, lakini milima ilikuwa imefungwa. Kila asubuhi nilikuwa natoka nje nikitazama juu, naona wingu jeusi limeukalia mlima, haliondoki. Huku chini hata tone. Nilimpigia mama, akasema mvua ipo ila ni ya kawaida. Kesho yake nikapiga tena, akasema ipo ipo. Moyo wangu haukutulia. Asubuhi ya Jumamosi jirani yake, yule mwenye mimba, alinipigia mwenyewe. Alizungumza haraka. Alisema tuta la ndiva limepasuka ufa, mlango wake wa kutolea maji umezibwa na magogo, wanaume wamepanda na majembe kujaribu kuyapunguza maji, na nyumba zote za chini zimeambiwa zitoke. "Lakini bibi hataki kutoka," akasema. "Anasema hawezi kuacha vitu."

Nilifunga mlango nikaondoka. Sikuchukua dakika kufikiri nichukue nini au nimwachie nani nyumba. Jambo hilo nililigundua baadaye.

Gari lilinifikisha nusu ya njia, barabara ikawa imekatika, nikapanda kwa miguu. Kila mfereji ulikuwa unatapika. Maji yalikuwa mekundu, na hiyo ndiyo iliyonitisha, maana maji ya kwetu ni meupe hata wakati wa masika. Wekundu ulikuwa ni udongo wa mlima wenyewe. Nilipofika kwenye mgongo wa kilima, palipo na shule, niliona watu wamejikinga chini ya varanda, watoto wamefunikwa vitenge, mbuzi wamefungwa kwenye nguzo. Nikamtafuta mama kwa macho. Hakuwepo. Nilichokiona ni mito ya masofa yake, imepangwa vizuri pale varandani, imefunikwa turubai.

Nilishuka nikikimbia na kuteleza. Kwenye kinjia nilipishana na majirani wamebeba mizigo vichwani: godoro la mama, chupa za chai za mama, mapazia ya mama. Walikuwa wamelowa chapachapa. Mmoja wao alikuwa ni mama mtu mzima ambaye nyumba yake iko chini zaidi kuliko yetu. Nikamuuliza kama wa kwake wote wako salama. Akasema wapo shuleni, ila vitu vyake bado, atavitoa akimaliza vya bibi. Kwetu mzee akisema nisaidieni kubeba, hakuna anayesema sibebi. Hiyo ni sifa yetu, na siku ile ilikuwa inakaribia kutuua.

Nilimkuta mama sebuleni amekaa kwenye kigoda mbele ya kabati. Alikuwa anafunga vikombe, kimoja kimoja, kwenye vipande vya gazeti, anavipanga kwenye beseni. Jirani mwenye mimba alikuwa amesimama kando akipokezana naye. Nilimwambia mama tunaondoka sasa hivi. Hakuinua uso. Alisema vimebaki vichache. Nilimwambia tuta limepasuka. Alisema tuta hilo limepasuka tangu akiwa msichana na wanaume huwa wanalitengeneza.

"Mama," nikasema, "utakufa kwa ajili ya vikombe."

"Siondoki kwenye nyumba yangu kama mwizi," akajibu. "Baba yako aliniachia nyumba yenye vitu. Nikiondoka mikono mitupu nitamwambia nini kaka yako?"

Nilikasirika. Ningeweza kumbeba, si mzito, lakini mtu hambebi mama yake kama gunia la mahindi mbele za watu, na yeye alilijua hilo. Nikamwambia basi, beseni hilo ndilo la mwisho. Akasema sawa, beseni, na kabati.

Hapo ndipo ningepaswa kukataa. Lakini vijana wawili walikuwa wamesharudi kutoka shuleni, wamesikia, na wakaliingilia kabati kabla sijafungua mdomo. Walichomoa rafu zake ili liwe jepesi, wakaliinamisha. Mimi nikatoka nje kulipokea, nikijiambia kazi ikiisha haraka ndivyo tutakavyoondoka haraka. Mmoja akasukuma akiwa ndani, mwingine akavuta nami huku nje. Liliingia mlangoni limeinama, mgongo umetangulia nje, likapita robo, likapita nusu. Yule wa ndani akajipenyeza kwenye upenyo wa juu ya kabati, akatokea nje, ili avute nasi. Tukavuta sote watatu kwa nguvu zetu zote, likalia, likashika. Tukalirudisha, halikurudi. Tukavuta, halikuja. Mninga ulikuwa umeuma fremu pande zote mbili.

Ndipo nikaikumbuka fremu. Nikamkumbuka fundi na matofali na makande.

Juu mlimani mtu alipiga kelele. Haikuwa pembe ya msaragambo, ilikuwa sauti ya mtu tu, na maneno yake yalitufikia yamekatwakatwa na mvua: tuta linatema, tokeni, tokeni chini. Kijana mmoja aliniangalia. Alizunguka mbio hadi mlango wa uani, nikasikia akiupiga teke. Mlango ule hufunguka kwa ndani, na nyuma yake yalikuwa masofa ya zamani. Alirudi akitikisa kichwa. Mwingine alikuwa ameshika nondo za dirisha na kuzivuta, akijua kama nilivyojua mimi kwamba hazing'oki, kwa sababu kaka alihakikisha hazing'oki.

Nilichungulia kwenye upenyo uliobaki juu ya kabati. Mkono wangu ulipita, kichwa hakikupita. Yule kijana alikuwa amepita hapo kabla hatujalivuta mara ya mwisho. Sasa palikuwa pameziba. Nilimwona jirani amejishika tumbo, amekaa juu ya mkono wa sofa. Hakuwa analia. Alikuwa anavuta pumzi taratibu, macho yake yako kwa mama, kama mtoto anayesubiri kuambiwa la kufanya. Mama alikuwa amesimama ameshikilia beseni lake. Maji mekundu yalikuwa yameanza kupita kando ya miguu yangu, yanaingia ndani kwa kupitia chini ya kabati, yanatandaa kwenye sakafu ambayo mama huipiga deki kila asubuhi.

Nilimwita. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hofu yenyewe ilikuwa na chuki ndani yake, ninamchukia kaka, ninalichukia kabati, ninamchukia hata yeye mama, kwa sababu nilikuwa naona namna atakavyokufa na ni namna ya kijinga.

Mama alimtazama jirani. Alitazama tumbo lake kwa muda, halafu maji, halafu kabati. Akaweka beseni chini, ndani ya maji, bila hata kuangalia linakaa wapi. Akaenda jikoni. Nilidhani amechanganyikiwa. Alirudi na mchi wa kinu.

"Sogeeni," alisema.

Pigo la kwanza lilitua kwenye mninga likarudi, nikaona linamuuma hadi mabegani. Pigo la pili lilipiga kioo. Vioo vilimwagika, akaendelea, mlango wa pili wa kioo, halafu akaanza kuutwanga mgongo wa kabati, ule ubao mwembamba uliokuwa upande wetu. Alitwanga kama anavyotwanga mahindi, kwa mapigo yanayofanana, anahema, hasemi kitu. Ubao ulipasuka. Sisi wa nje tukaingiza mikono na kuung'oa vipande vipande. Palitokea tundu, na kwenye tundu nikauona uso wa mama umelowa jasho, na damu kidogo kwenye shavu.

Nilimpa mkono. Hakuushika. "Mtangulize huyu," akasema.

Tulimpitisha jirani ndani ya kabati, taratibu, upande upande, mama akimsukuma kutoka nyuma na kumfunika tumbo kwa kanga yake ili vioo visimguse. Alikanyaga pale ambapo rafu za vikombe zilikuwa. Alipotoka, vijana walimshika huku na huku wakaanza kupanda naye. Halafu mama akapita. Safari hii aliushika mkono wangu. Alipokuwa katikati, mguu ndani na mguu nje, aligeuka akatazama sebule mara moja. Nikadhani atarudia beseni. Hakurudi.

Hatukukimbia kufuata njia, tulikata ubavu wa kilima kupitia migomba ya watu. Tulikuwa tumefika mawe ya kwanza chini ya shule ndiva ilipoachia. Sauti yake ilikuwa ya lori linalomwaga kokoto, ila haikuisha. Wanaume wa juu walikuwa wamesharuka pembeni, wote, ashukuriwe Mungu. Matope yalishuka na migomba na mawe, yakapita juu ya ua wa mama, yakaegemea nyumba. Nyumba ilisimama kidogo. Halafu bati la paa likainuka upande mmoja, na baada ya hapo sikutaka kutazama. Mama alitazama hadi mwisho.

Hakulia. Watu shuleni walimletea ile mito ya masofa aikalie, akasema wape watoto; godoro, mapazia na chupa za chai navyo akavigawa palepale.

Nilishuka naye Same baada ya siku chache. Hakubisha. Alikuwa na nguo alizovaa na mchi ule wa kinu, ambao hata sijui aliutoa vipi. Nadhani alikuwa ameushika muda wote na hakuna aliyeona. Chumbani kwangu aliusimamisha kwenye kona. Mchana alikuwa akikaa kwenye kiti kimoja akitazama kile kingine. Nilimngojea aseme chumba kina ukiwa. Hakusema. Siku moja nilimkuta amefagia, amemaliza, na jua lilikuwa bado halijapanda; alikuwa amesimama na ufagio katikati ya chumba, kama mtu aliyewahi kufika mahali kabla ya wenzake. Aliniuliza kama ndiyo basi. Nikamwambia ndiyo basi. Akaanza kwenda kutembea nami jioni. Magoti yake, alisema, yalikuwa yamemsahau.

Sitaki kusema uongo. Kuna mambo nyumba tupu haiyawezi. Wanawake wa mlimani waliposhuka kumpa mama pole, walikuwa wengi, na mimi nilikuwa na viti viwili na vikombe viwili. Mama aliona aibu, nikaiona aibu yake, na mimi nikaona yangu. Walikaa kitandani na chini kwenye mkeka wa kuazima. Walikuwa wamemletea sufuria yake kubwa ya shughuli. Wiki moja kabla ya ndiva kupasuka alikuwa ameiazimisha kwenye msiba kijijini Mhezi, na kwa hiyo ikawa ndicho chombo chake pekee cha kupikia kilichopona. Tukachemshia chai humohumo. Watu walinywea vikombe vyangu kwa kupokezana, wengine kwenye vibakuli, mmoja kwenye kifuniko cha chupa ya chai, wanacheka, wanamtania mama kwamba sasa amekuwa mwanafunzi wa bweni.

Jirani alikuja naye, mtoto mgongoni, wa kike, amelala. Alipoketi alitoa kitu kwenye mkoba wake, kimefungwa gazeti ambalo maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa maji. Alisema alikikuta kwenye mfuko wa sweta lake siku ile jioni. Mama alikuwa amempa akipange kwenye beseni, na vijana walipoliingilia kabati alikitia mfukoni akasahau. Akafungua. Kilikuwa kikombe kimoja cha maua ya buluu, hakina hata ufa.

Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza. Halafu, kwa mazoea ya maisha yake yote, akamnyooshea mwanamke mkubwa kuliko wote aliyekuwa pale, akasema mgeni aanze.

Yule mama alikataa. Akachukua kikombe, akakijaza chai kutoka kwenye sufuria, akamrudishia. "Kunywa," alimwambia. "Hapa kwa mwanao, mgeni ni wewe."

Mama akanywa. Alikunywa kidogo kidogo hadi kikaisha, sote tunamtazama. Akakiweka mapajani, akachungulia ndani yake kwa muda.

"Chai ni ileile," alisema. "Ni ileile kabisa. Na mzee wa watu aliniomba, nikamnyima."

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ianguke, na wala hakuwa akiililia nyumba. Mtoto akaamka, akalia naye.